Maji Yapungua, Tone Halionekani

Juma hili safu yetu yatoka jikoni na kuingia chini ya boneti. Akina mama msigeuze ukurasa, kwani jambo lenyewe lilianzia kwenye ulimi wangu.

Gari letu dogo, ambalo humchukua mama yangu kutoka hapa Kinoo hadi hospitalini mjini kila Jumatatu na Alhamisi, lilianza kupungukiwa na maji ya rejeta. Leo limejaa, kesho limepungua kiasi cha kikombe cha chai, kisha hupita siku tatu bila kupungua hata kidogo. Chini ya gari, sakafu kavu. Anayeliendesha ni mpwa wangu, kijana wa miaka 22, na naungama kwamba lawama zote zilimwangukia yeye. Nilimwambia mbele ya wageni kwamba hatazami maji, na kwamba siku atakapomwacha bibi yake njiani dhima itakuwa shingoni mwake. Hakunijibu. Alichukua kalamu ya wino mzito, akapiga mstari ubavuni mwa chupa ya akiba, na kila alfajiri baada ya sala, injini ikiwa baridi, akawa anaandika katika daftari maji yamefika wapi, na jana yake gari lilikwenda wapi.

Baada ya majuma mawili daftari lilisema waziwazi: maji hupungua siku za hospitali tu. Siku hizo ndizo gari linaporudi jioni kwa Waiyaki Way, likipanda kutoka Westlands kupitia Kangemi na Uthiru, likisimama na kuondoka katika msongamano. Siku za sokoni na madrasa, mstari hausogei.

Fundi wa gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, alisikiliza kwa nusu dakika akatamka, "Gasketi ya hedi imekwisha." Fedha alizotaka zingelipa karo ya muhula mzima. Hakupima chochote.

Sisi tuliolelewa pwani tumezoea kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kinoo iko juu zaidi. Huku maji hutokota yakiwa nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni kile kifuniko cha rejeta, ambacho hufunga mvuke na kujenga shinikizo. Basi mpira au pampu iliyochoka yaweza kuwa kavu kabisa asubuhi, ikavuja jioni tu, wakati joto na shinikizo vimepanda. Tena tone likiangukia chuma cha moto hukauka kabla ya kufika chini. Ndiyo maana karatasi ngumu tuliyoilaza chini ya gari usiku kucha haikulowa. (Tone moja tulilolipata mchana lilikuwa maji safi ya kipoza hewa, nasi tukahangaika bure.)

Fundi wa pili, mzee wa makamo karibu na barabara kuu, alilisoma daftari lote kabla ya kushika spana. Alitazama ndani ya kifuniko cha oili: hapakuwa na utando mweupe kama maziwa. Akafunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko cha rejeta, akajaza upepo hadi kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko chenyewe. Geji haikushuka. Fundi mwenye haraka angeishia hapo. Kisha akaweka dawa ya buluu juu ya mdomo wa rejeta, dawa ambayo hugeuka manjano ikiguswa na moshi unaopenya kutoka kwenye silinda. Ilibaki buluu. Gasketi ilikuwa haina hatia, sawa na mpwa wangu.

Akaomba gari lipandishwe barabara ile ile, jioni ile ile. Liliporudi, alizima injini akangoja dakika kumi. Injini ikizimwa maji huacha kuzunguka, na joto la chuma huyapandisha kwa muda. Akamulika tochi kwa chini: katika kijitundu kidogo cha pampu ya maji, tone la waridi likachungulia, likaanguka, likakauka. Pembeni mwake palikuwa na ukoko wa rangi hiyo hiyo, kama chumvi ya kisima kwenye birika. Sili ya ndani ilikuwa ikilegea kwa moto na kukaza kwa baridi.

Mawili nayasisitiza kwa wenye watoto. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, hata kidogo. Maji yale huruka usoni. Na kulanti ina ladha tamu ilhali ni sumu inayoharibu figo; ikimwagika, oshea maji mengi, na chupa iwekwe mbali na mikono midogo na paka wa nyumbani.

Pampu mpya iligharimu sehemu ndogo ya ile bei ya kwanza. Jumapili niliwaita wale wale wageni kwa chai na mahamri, nikamtaka radhi mpwa wangu mbele yao. Alicheka, akauliza kama kuna viazi vya karai. Mstari wa wino ungali ubavuni mwa chupa. Leo ni siku ya kumi na tisa, na maji yako pale pale.