Barua ya wazi kuhusu ndege ndogo zinazoozea Wilson

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA),
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: NDEGE ZISIZORUKA NA ZISIZOUZWA

Nakuandikia kuhusu ndege ndogo zilizoegeshwa pembezoni mwa Uwanja wa Wilson, nyuma ya mabanda na kando ya ua, ambazo haziruki, haziuzwi wala haziondolewi. Mimi ni fundi wa injini za pistoni na nazipita kila ninapoingia kazini. Wenzangu wameniuliza kwa nini nisiiandikie Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, maana uwanja ni wao. Nimewajibu kwamba wao wanasimamia nafasi na ada ya maegesho tu. Rejista ya ndege iko kwako, cheti cha kuruka kinatoka kwako, na Shule ya Usafiri wa Anga pale Embakasi iko chini yako. Ndege ikishapoteza cheti, kwenu mambo yametulia, kwa kuwa hairuki na haimhatarishi mtu. Kwa wenye uwanja inageuka mdaiwa. Kati ya ofisi hizi mbili hakuna anayeulizwa itakuwaje kesho, na huko ndiko inakoozea.

Niruhusu nikuonyeshe moja. Ni Cessna 172 ya miaka ya sabini. Nambari yake siitaji, kwa sababu mwenyewe yu hai na ni mtu wa heshima zake. Tairi la pua limelala hadi rimu imegusa chini. Kioo cha mbele kimechomwa na jua kikajaa nyufa nyembamba, na ukiketi kwenye kiti cha rubani mnara wa kuongozea ndege huuoni sawasawa. Nyigu wameliziba kwa udongo bomba la kupimia mwendo. Ukifungua boneti unakuta majani makavu na manyoya nyuma ya silinda, kiota cha misimu kadhaa, kimoja juu ya kingine. Ndani mna harufu ya mkojo wa panya, na kwenye mfuko wa mlango mna ramani ya njia ya Malindi, imekunjwa vizuri, alama za penseli bado zinasomeka.

Mwenye ndege huja Jumapili baada ya ibada. Huvua koti, akasimama mbele ya pua na kuizungusha propela kwa mkono mara kadhaa. Kisha hupangusa mabawa kwa kitambaa, akaketi kivulini chini ya bawa na kunywa chai ya chupa. Siku moja nilimsogelea, nikamwamkia, nikamwambia kwa adabu kwamba hiyo propela anayoizungusha ndiyo inayoimaliza injini. Akanitazama kama niliyemtukania mzazi. "Fundi," akasema, "injini isipozungushwa si itaganda?"

Mzee huyo si mjinga, maana wengi wanaamini kama yeye. Injini iliyosimama hulindwa na utando mwembamba wa oili uliobaki juu ya chuma. Katika injini za Lycoming, ambazo ndizo zilizofungwa kwenye Cessna 172 tangu modeli ya 1968, kamshafti imekaa juu ya krenkishafti. Oili huchuruzika kutoka kwake mapema kuliko sehemu nyingine, na unyevu wa usiku wa Nairobi ukaingia. Ukiizungusha kwa mkono bila kuiwasha, unaufuta ule utando kidogo uliosalia na hakuna oili mpya inayopanda. Kutu hushika pale pale, na siku injini itakapowashwa kweli, kutu hiyo itaisaga kamshafti na kuumwaga unga wa chuma ndani ya oili. Hata kuiwasha kwa dakika 5 na kuizima hakusaidii, kwa sababu joto halifiki kiwango cha kuukausha unyevu. Mtengenezaji mwenyewe anashauri ndege irushwe kwa saa nzima, oili ikiwa imepata moto wake, angalau mara moja kila mwezi. Tena anashauri injini za aina hii zifunguliwe kwa ukarabati mkubwa kila baada ya saa 2,000 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. Wenye ndege huzikumbuka saa na kuisahau miaka. Utamsikia mtu anajisifu, "Injini yangu ina saa 600 tu," na tangu ifungwe imepita miaka 25.

Kwa nini hawauzi? Mijini husemwa ni ubahili au ni majivuno ya matajiri. Nimekaa nao sana na nakataa. Wengi si matajiri tena, na baadhi hawakuwahi kuwa. Aliyenunua ndege alipokuwa na miaka 40, shamba linalipa na afya anayo, leo ana miaka 75 na daktari wa marubani amekataa kumtilia sahihi cheti cha afya. Anajua moyoni kwamba harudi kiti cha kushoto. Ila ndege ikiwa pale uwanjani, yeye bado ni rubani ambaye kwa sasa haruki. Ikiuzwa, anakuwa mzee aliyewahi kuruka. Hakuna bei ya kulipia tofauti hiyo, ndiyo maana ukimuuliza anataka kiasi gani anakutajia pesa ambazo anajua huna. Nimemshuhudia mkufunzi mmoja wa urubani akija na hundi mfukoni, pesa nzuri kwa ndege isiyo na cheti, akajibiwa kwamba goti likipona safari ya Malindi iko palepale.

Wapo wengine ambao wangeuza hata leo jioni lakini hawawezi. Baba amefariki, ndege imeandikwa jina lake, na watoto wako Nairobi, Leeds na Calgary. Mmoja anataka iuzwe, mwingine anataka itunzwe kama kumbukumbu, na wa tatu hajibu simu. Kibali cha mirathi kilichukuliwa kwa ajili ya shamba na nyumba, ndege ikasahaulika. Huku maegesho yanahesabiwa. Mnunuzi akija, swali lake la kwanza ni nani atakayelipa deni hilo, na mara nyingi deni limeshapita thamani ya mali yenyewe. Mazungumzo huishia hapo.

Halafu kuna vitabu vya matengenezo. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na kwa ndege neno hilo halina mzaha. Ndege yenye vitabu vyake vyote, tangu siku ilipotoka kiwandani, inaweza kufufuliwa hata kama imechakaa. Ikiwa havipo, vimeliwa na mchwa au vimefungiwa ofisini kwa wakili aliyefariki, basi hata vipuri vyake havina kazi, kwa kuwa fundi halali hafungi kipuri kisicho na karatasi. Kila mwaka unaopita bila mtu kuulizwa "vitabu viko wapi?" ni mwaka ambao baadhi yake vinapotea kabisa.

Matangazo ya magazetini ya kuwataka wenye ndege waziondoe, la sivyo ziuzwe kwa mnada, tumeyasoma zaidi ya mara moja. Naielewa haja ya kusafisha uwanja. Lakini mnada ni dawa inayokuja mgonjwa akiwa maiti. Kinachouzwa siku ile ni alumini kwa kilo, na pesa inayopatikana haikaribii deni lililodaiwa. Ndege ile ile, miaka 10 kabla, ingeweza kununuliwa na chuo au kikundi cha vijana watano waliochanga.

Haja yenyewe ni kubwa kwa sababu ndege hizi hazina mbadala wa bei yake. Cessna ilisimamisha kutengeneza ndege zake za injini moja ya pistoni mwaka 1986, kesi za fidia zilipoilemea. Ilirudia 172 mwaka 1996, baada ya sheria ya Marekani ya 1994 iliyoweka ukomo wa miaka 18 wa kumshtaki mtengenezaji wa ndege ndogo. Hiyo ni miaka 10 mitupu isiyo na 172 mpya, na zilizokuja baadaye zinauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Ndiyo maana mwanafunzi wa urubani Wilson mara nyingi hufundishwa kwenye ndege iliyotengenezwa kabla mwalimu wake hajazaliwa. Zaidi ya 172 elfu 44 zimetengenezwa duniani, na zile chache tulizo nazo sisi, tukiziachia panya, tumejipandishia wenyewe ada ya masomo. Uwanja huu ulikuzwa na ndege ndogo. Umepewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni yake ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929, na madaktari wa AMREF walioanza kuwafuata wagonjwa kwa ndege mwaka 1957 bado wana makao yao hapo.

Sasa ombi langu. Sitaki mtu anyang'anywe mali yake. Nimewasikia vijana wakisema ndege isiyoruka kwa miaka 3 itaifishwe, nami napinga, kwanza kwa haki, na pili kwa sababu mwenye ndege akinusa kunyang'anywa ataficha vitabu, na bila vitabu tumepoteza yote.

Nataka uanze na rejista. Mwaka 2010 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilikiri kwamba takriban theluthi moja ya kumbukumbu za ndege 357,000 ilizosajili hazikuwa sahihi: wenyewe wamekufa, wamehama, wameuza bila kuarifu, au ndege zimeshaharibika. Wakaufuta usajili wa kudumu. Kila mwenye ndege akatakiwa kuuhuisha, mwanzoni kila baada ya miaka 3, na tangu 2023 kila baada ya miaka 7. Asiyejibu hufutiwa nambari. Jambo hilo linaonekana la kikarani tu, lakini linamlazimu mtu kuketi mara moja katika miaka kadhaa na kujibu ndege iko wapi, vitabu viko kwa nani, na yeye bado ndiye mwenyewe. Familia yenye mirathi isiyokamilika itaikamilisha. Wamarekani walienda mbele zaidi: tangu Julai 2017, katika viwanja vilivyojengwa kwa pesa za serikali kuu, banda la ndege linaruhusiwa kutumika kutengenezea ndege lakini si kuhifadhia ndege mbovu bila kikomo. Nasi tunaweza kuandika sharti kama hilo, kwa lugha yetu na kwa muda wa haki, tuseme miaka 3 ya kukarabati yenye hatua zinazoonekana.

Pili, chapisha orodha ya ndege zote zilizosajiliwa Kenya ambazo cheti chake kimekwisha kwa zaidi ya miaka 3. Andika aina, mwaka wa kutengenezwa na uwanja zilipo. Anwani ya mwenyewe ibaki kwako, na anayetaka kununua aandike kupitia ofisi yako. Leo biashara hii huendeshwa kwa uvumi na mabroka wa mkahawani, na mzee aliyeibiwa na broka mara moja hasikilizi tena mnunuzi yeyote.

La tatu ndilo gumu, na linahitaji uketi meza moja na mwenzako wa Viwanja vya Ndege. Muafikiane kwamba mwenye ndege atakayejitokeza ndani ya miezi 12, deni lake lisimame lilipofika, na lilipwe kutokana na bei ya mauzo, likipunguzwa pale linapozidi bei hiyo. Atakayetoa ndege yake kwa shule asamehewe lote. Wahasibu watalalamika kwamba ni hasara. Nawaomba wakumbuke pesa zilizoingia kwenye minada, wazilinganishe na deni lililokuwa limeandikwa vitabuni mwao.

Zile ambazo hazitaruka tena zina kazi pia. Mwanafunzi wa ufundi anahitaji bawa halisi la kupigia ribiti, nyaya halisi za usukani zilizoshika kutu, injini halisi aifungue na aione kamshafti iliyoliwa ilivyo. Embakasi itachukua kadhaa, na vyuo vya kiufundi vya kaunti vinavyofundisha makanika vitagombea zinazobaki. Nimewafundisha vijana ambao hawajawahi kushika silinda ya ndege mpaka siku yao ya kwanza kazini, na huko si mahali pa kujifunzia.

Kuhusu wale wazee wenyewe, nina pendekezo lisilo na kifungu cha sheria. Ndege ya mtu ikienda shule au kwa vijana, muuzaji aahidiwe kwa maandishi safari moja kiti cha kulia siku itakapopata cheti, na jina lake libaki limeandikwa kwenye mlango. Nimezungumza na watatu kati yao. Wawili waliniuliza karatasi ya kutia sahihi iko wapi.

Mvua za masika zikianza, zile zilizo kwenye nyasi zitaingiwa na maji mkiani kama kila mwaka. Naomba orodha itoke kabla ya hapo. Mimi na mafundi wenzangu wanne tuko tayari kuzikagua Jumamosi bila malipo na kukuletea ripoti ya kila moja, ipi inafufuka na ipi ni ya darasani. Tunachohitaji kwako ni kibali cha kuingia na barua ya kumwomba kila mwenye ndege ruhusa.

Wako mwaminifu,

Fundi wa injini za pistoni,
Uwanja wa Wilson, Nairobi.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya (KAA).