Mtoto wa Jicho si Mtoto

Katika kata ya Miembeni, mjini Bukoba, jicho kwa Kihaya huitwa eliisho. Ukivuka mpaka kuingia Uganda, Kiganda husema eriiso. Hata asiyesomea isimu hutambua kwamba maneno hayo, pamoja na jicho la Kiswahili, ni ya ukoo mmoja. Kila lugha imeurithi mzizi huo na kuuzalisha. Kwa Kiswahili husuda ni kijicho, na chemchemi ni jicho la maji, kama vile Kiarabu kinavyotumia neno moja, ayn, kwa jicho na kwa chemchemi.

Utajiri huo ni wa kujivunia. Lakini jina la ugonjwa lina uzito wa pekee, kwa kuwa humwelekeza mgonjwa la kufanya. Tutazame mtoto wa jicho. Asikiaye jina hilo huweza kudhani kwamba kitu kimezaliwa juu ya jicho, nacho chaweza kuyeyushwa kwa maji ya majani. La hasha! Ni lenzi yenyewe, iliyo nyuma ya mboni, inayopoteza uangavu wake, mara nyingi kwa sababu ya uzee. Majani yatonwayo jichoni hayawezi kuurejesha uangavu huo, na mengine huweza kuiunguza konea. Tiba ni upasuaji: lenzi iliyofifia huondolewa, ya bandia ikawekwa.

Wako wasemao kwamba basi tuliache jina letu, tushike la kigeni. Sikubaliani nao. Kiingereza husema cataract, neno litokalo katika Kilatini lenye maana ya maporomoko ya maji. Kiarabu husema maji meupe. Matabibu wa kale walidhani kwamba ugiligili umeshuka ndani ya jicho. Mwaka 1705 tabibu Mfaransa, Michel Brisseau, alipasua jicho la maiti akaona kuwa kilichofifia ni lenzi. Elimu ilisahihishwa, majina yakabaki.

Kwa hiyo kosa halimo katika jina, bali katika kulifundisha bila maelezo. Mwalimu wa Baiolojia afikapo kwenye mchoro wa jicho, yafaa aandike ubaoni jina la kitaalamu, na kando yake jina la nyumbani, kisha aeleze jina hilo linaficha nini. Mwanafunzi atayafikisha maelezo hayo kwa bibi yake, kwa lugha ya bibi. Ugonjwa huu ndio unaoongoza kwa kusababisha upofu duniani, nao unatibika.