Kochi la Watu Wawili la Mama Limekukosea Nini?

Haya wadau, kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni, katupia video ya sebule yake mpya. Sofa jeupe la umbo la L, zulia la manyoya, taa za rangi mpaka darini. Watu wakamsifia weee. Halafu mmoja mwenye macho makali akaona kitu nyuma, kwenye mlango wa uani: kochi dogo la mbao la watu wawili, limeegemezwa ukutani, mvua inalinyeshea. Kuulizwa, dada akajibu bila hata kupepesa kwamba ni la mama yake, eti limepitwa na wakati. Hapo ndipo pakawaka.

Wapo waliomtetea: nyumba yake, pesa yake. Sawa, hakuna wa kumpangia. Ila mimi niko upande wa lile kochi.

Tuelewane kwanza. Wengi wetu tunalijua kochi la watu wawili kama kipande cha seti: moja la watatu, moja la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja, juu yake vitambaa vya kufuma ambavyo ukikalia vinateleza mpaka mama anakuja kuvinyoosha tena. Wenzetu Wazungu wamelipa jina lenye neno "mapenzi" ndani yake. Ufaransa kwenye karne ya 19 walifika mbali zaidi, wakatengeneza kiti cha umbo la herufi S: mnakaa bega kwa bega lakini kila mmoja anaelekea upande wake, hivyo mkigeuza shingo kidogo tu mnatazamana usoni. Yaani kiti kizima kimechongwa kwa kazi moja, watu wawili waongee.

Huko nje vitu hivi vina heshima yake. Chenye miaka 100 na kuendelea wanakiita antiki, cha umri mdogo kidogo wanakiita vinteji, na watu wanavitafuta kwa tochi. Kwa hiyo kochi la mama la miaka ya 70 au 80 ni vinteji, mpenzi. Ukiliona kwenye ukurasa wa mtu wa Paris unaweka kopa. Likiwa la mama yako unalitoa nje.

Na usidhani mambo ya fanicha zenye maana ni ya Ulaya tu. Pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Zanzibar, kuna baraza la kukaa watu wengi, na kuna kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe, cha mtu mmoja mwenye heshima zake. Baraza linasema karibuni nyote. Kiti cha enzi kinasema huyu ni mkubwa. La watu wawili linasema kaa hapa, tuongee. Kila kiti kinapanga watu kwa namna yake, ndiyo maana ukibadilisha viti unabadilisha na maisha ya nyumba.

Sasa angalia maisha yetu. Wengi tumepanga chumba na sebule, na sebule yenyewe futi 10 kwa 10. Unaingiza sofa la L ambalo upande mmoja tu una futi 8. Mafundi wanang'oa mlango ili lipite, na likishaingia nyie mnatembea kiubavuubavu kama kaa. La watu wawili lina upana wa futi 5 hivi. Linakaa chini ya dirisha, nafasi inabaki, mtoto anacheza, mgeni akilala unamtandikia godoro chini vizuri tu.

Halafu kuna hili la wapenzi. Nimeingia sebule nyingi za wanandoa wa rika letu: yeye yuko pembe ile na simu yake, mwenzie yuko pembe hii na simu yake, katikati kuna mito saba. Hata mkigombana mnatumiana meseji ndani ya chumba kimoja! Sisemi kochi dogo litaponya ndoa, acheni utani. Nasema linawanyima umbali. Ukikaa hapo bega linagusa bega, na kununiana kunakuwa kazi ngumu kidogo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mama mwenyewe. Masofa ya kisasa mengi yako chini na yana kina kirefu. Mtu mzima mwenye magoti yake akikaa anazama, na kunyanyuka mpaka avutwe mkono. Lile la zamani lina kiti kilichoinuka, sponji ngumu, na mikono ya mbao ya kujishikilia. Anakaa mwenyewe, anainuka mwenyewe. Ukilitoa lile, umempunguzia mama sababu ya kuja kwako. Atakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, atasema "hapa pananitosha mwanangu", na ataondoka mapema. Utafikiri ana haraka.

Mtasema vya zamani vina shida zake. Ni kweli, na si kila kilichozeeka ni mali. Ukitaka kununua au kurithi, ligeuze juu chini kwanza. Ukiona matundu madogo yanayomwaga unga, kuna wadudu wanakula mbao. Chungulia mishono na mikunjo ya kitambaa kama kuna kunguni, maana hao ukiwaingiza ndani hata mwenye nyumba atakufukuza. Shika mikono ya kochi ulitikise. Likicheza kidogo, fundi anaunga upya. Fremu ikiwa imevunjika, au imeoza kabisa, achana nalo. Na muwe macho na vinteji feki, mbao mpya iliyopigwa msasa pembeni ionekane imechoka, ukaambiwa ni ya enzi za mkoloni.

Fremu ikiwa nzima, ya mninga au mvule, una kitu ambacho ukienda kuagiza leo utashika kichwa. Makochi mengi ya zamani yaliungwa kwa ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu, wakati masofa mengi ya bei rahisi ndani ni plaiwudi na pini, yamevalishwa kitambaa kizuri usione. La mama unaweza kulipeleka kwa mafundi, pale Keko wamejaa, wakabadilisha sponji, wakavalisha kitambaa kipya unachokitaka wewe, wakapiga msasa na vanishi. Hata kitenge kinakaa vizuri sana. Si lazima liendelee kufanana na la mwaka 1982 ndiyo ulipende.

Ila na nyie mnaotaka kulirudisha ndani kwa ajili ya kiki, mtulie. Kochi la mama likiwekwa kona ya kupigia picha, watu wakakatazwa kulikalia, nalo limeshatupwa, tofauti ni kwamba hili halinyeshewi. Kochi ni la kukaliwa. Chai imwagike, mtoto aruke juu yake, mtu na mtu wake wabanane wakiangalia tamthilia.

Kwa hiyo dada yangu, sofa lako jeupe zuri, hongera, Mungu akuzidishie. Lakini hata kama sebule haina nafasi, chumbani haikosekani, au kibarazani pasiponyesha. Mbao ikilowa sana inapinda, na fundi hana dawa. Mama akisikia unamwita aje akae, hatauliza kama kochi limepitwa na wakati.

Wewe je, la kwenu liko wapi sasa hivi? Funguka hapo chini.