UCHANGANUZI: Sheria, si fadhila, ndiyo kinga ya magazeti

JE, serikali yaweza kuyasaidia magazeti bila kuyafunga midomo? Swali hili huzuka kila mapato ya wachapishaji yanapodidimia, na Marekani ililijibu zaidi ya karne mbili zilizopita.

Mnamo Februari 20, 1792, Rais George Washington alitia saini Sheria ya Posta. Gazeti lingesafirishwa kwa senti moja hadi maili 100, na senti moja na nusu kupita hapo, ilhali barua ya karatasi moja ilitozwa kati ya senti 6 na 25 kulingana na umbali. Wahariri nao walitumiana nakala bila malipo, hivyo gazeti la mji mdogo likapata habari za mbali hata bila kuwa na mwandishi huko.

Nguvu ya mpango huo haikuwa bei nafuu pekee. Ada iliwekwa kisheria, sawa kwa gazeti lililomsifu Rais na lile lililomkashifu. Hakuna mhariri aliyehitaji kumbembeleza waziri.

Hata hivyo, dosari zilikuwapo. Mnamo 1835, watetezi wa utumwa waliteketeza mjini Charleston magazeti ya kupinga utumwa waliyoyatwaa katika posta, naye mkuu wa posta nchini, Amos Kendall, akakataa kuwakemea maafisa wa kusini walioyazuia.

Sheria ya 1970 ililitaka shirika la posta lijitegemee. Tangu Agosti 2021 ada za magazeti na majarida zimeongezwa mara kadhaa, na wanaoumia zaidi ni wachapishaji wa vijijini wanaotegemea posta kuwafikia wasomaji.

Kenya ni tofauti. Hapa magazeti husafirishwa kwa magari usiku na kuuzwa mitaani, na tegemeo la vyombo vya habari kwa serikali ni matangazo. Udhaifu wa tegemeo hilo ulidhihirika Machi 2024, serikali ilipoagiza matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe kwa KBC. Agizo moja la afisi lilitosha kuvitikisa vituo vya kibinafsi.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini chombo cha habari kikizoea kuulamba mkono wenye kitu, hakitathubutu kuukemea ukikosea. Iwapo umma utayasaidia magazeti, basi msaada huo uandikwe katika sheria, uwe sawa kwa wote, na usiwe zawadi ya afisa yeyote.