Figo ya Binti na Radhi ya Mama



Juma hili nina suala moja tu la kujibu, nami nalijibu kwa urefu kwa kuwa najua limo katika nyumba nyingi zaidi ya ile lilikotoka. Mama wa familia figo zake zimeshindwa kazi. Mara 2 kwa juma hupelekwa hospitali kusafishwa damu, saa 4 kila mara, na hurudi nyumbani hoi. Madaktari wamewaeleza watoto wake kwamba tumaini kubwa zaidi la uzima wa siku nyingi ni kupandikizwa figo, na kwamba figo hiyo itafutwe kwanza kwa jamaa. Watoto ni 5. Wawili wana sukari. Mmoja kundi la damu yake haliafikiani na la mama. Wa nne yuko ughaibuni, na tangu habari imfikie simu yake haishikiki. Amebakia binti wa mwisho, umri wake miaka 24, hajaolewa, naye vipimo vya mwanzo vimemkubali. Kaka zake wanauliza: je, si wajibu wake kisharia kumpa mamake?

La, si wajibu wake.

Majlisi ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jidda mwezi wa Februari 1988, ilijuzisha kuhamisha kiungo kutoka kwa aliye hai kumpa mwengine, kwa masharti. Kiungo hicho kisiwe ndicho kinachoshikilia uhai wa mtoaji, kama moyo, na kisiuzwe. Maulamaa wakuu wa Saudia walikuwa wamekwisha kutoa rai ya mwelekeo huo mwaka 1982. Wapo waliokataza, hasa katika Bara Hindi, miongoni mwao Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, na hoja yao si nyepesi: mwili ni amana, mja si mmiliki wake. Mimi naona kauli ya kujuzisha ina nguvu zaidi, ila hoja ya amana siitupi. Ikiwa binti mwenyewe ni mshika amana tu juu ya mwili wake, kaka zake wamepata wapi mamlaka ya kuutoa? Kilichojuzishwa hakijawa faradhi. Akitoa ni hisani yake, na asipotoa hana dhambi.

Nalikhofia hapa neno moja ambalo sisi watu wa Pwani twayajua makali yake, nalo ni radhi. Halitatamkwa waziwazi. Shangazi atakuja alasiri, ataketi ukumbini, ataanza kusimulia jinsi mimba ya binti huyu ilivyomsumbua mama, jinsi alivyomkesha alipougua surua. Hapana aliyemwambia binti atoe figo. Lakini atainuka pale akijua kwamba akikataa, ataitwa asiye na radhi za mzazi mpaka kaburini. Hiyo ni ikrahi, hata kama imesemwa kwa upole na kikombe cha kahawa mkononi. Katika posa, kimya cha mwanamwali tumezoea kukihesabu kuwa ridhaa. Katika kupasuliwa mwili, kimya hakitoshi. Sheria ya nchi yetu, Sheria ya Afya ya mwaka 2017, nayo inataka idhini ya maandishi, ingawa karatasi haiwezi kutwambia kama aliyetia sahihi alikesha akilia.

Basi waacheni madaktari wazungumze naye faraghani, pasi na mama wala kaka. Hospitali zinazofuata utaratibu mwema humhoji mtoaji peke yake, na akiwaambia kwamba hataki, wao huwarudishia jamaa jawabu fupi tu: hafai. Enyi kaka, mkiletewa jawabu hilo, lipokeeni na msiulize kwa nini. Atakayesema kwamba daktari amedanganya namjibu kwamba hakudanganya. Asiyeridhika hafai, kwa tiba na kwa sharia pia.

Na ili aamue kwa ujuzi, aelezwe yote. Mtu aliye mzima huishi kwa figo moja, nayo iliyobakia hukua na kubeba sehemu ya kazi ya mwenziwe. Ronald Herrick, aliyempa pacha wake Richard figo mjini Boston mwezi wa Desemba 1954, katika upandikizaji wa mwanzo uliofaulu, aliishi mpaka mwaka 2010. Lakini upasuaji ni upasuaji. Atakaa majuma kadhaa bila ya kuinua kizito, na kila mwaka katika umri wake wote atapimwa shinikizo la damu, mkojo na kazi ya figo. Kwa kuwa bado hajazaa, aambiwe pia kwamba mimba baada ya kutoa figo huwezekana na aghalabu huwa salama, ila hatari ya shinikizo la damu la ujauzito huzidi. Hili lisifichwe. Ama wale wanaonong'ona kwamba nani atamposa msichana wa figo moja, atakayemwacha kwa sababu hiyo na aende zake salama.

Kaka mkubwa aliniuliza tena, kwa nia njema, kama wanaweza kumwahidi dada yao fungu lao katika nyumba ya urithi akikubali. Hapana. Ahadi hiyo ikishatangulia, figo imekuwa na bei, na bei ndiyo iliyoharimishwa. Nauli yake, matibabu yake, na mshahara utakaompita akiwa kitandani, hizo ni gharama na ni haki yake kulipiwa. Wakija kumpa hiba siku za mbele, bila ya sharti wala mapatano, hiyo ni zawadi kama zawadi nyengine. Mafungu ya mirathi yabakie kama Mwenyezi Mungu alivyoyagawa.

Ikiwa atakubali, jueni kwamba mtakuwa na wagonjwa wawili. Nimeona mara nyingi jamaa wote wamezunguka kitanda cha aliyepokea, na yule aliyetoa, ambaye siku za mwanzo huenda akaumwa zaidi, hana hata wa kumshika mkono aende msalani. Wekeni mtu mmoja awe wake yeye, asiwe na kazi kwa mama kabisa.

Nanyi majirani, kuzuru mgonjwa ni sunna, ila sunna haina haja ya kikapu. Mgonjwa anayesafishwa damu hupimiwa maji, na madafu na tende zina potasiamu ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa. Ikizidi, moyo hutetereka. Nasi ndivyo tunavyovibeba mwanzo! Baada ya kupandikizwa, kinga ya mwili wake itapunguzwa makusudi kwa dawa ili usiikatae figo ngeni. Mwenye mafua au kikohozi amwombee dua akiwa kwake. Balungi asipewe, kwani hupandisha nguvu ya dawa hizo katika damu. Miti shamba na makombe, hata kwa nia ya baraka, visimpite mdomoni kabla ya daktari kuulizwa.

Ramadhani itakapoingia wataniuliza, basi niseme sasa. Kwetu hapa kutoka alfajiri hadi magharibi ni zaidi ya saa 13, na dawa kama takrolimasi aghalabu humezwa kila baada ya saa 12. Wapo ambao madaktari huwaruhusu kufunga baada ya hali yao kutulia kwa muda mrefu. Asiyeruhusiwa asifunge, na asione haya, kwani ruhusa ya mgonjwa imo katika Kitabu. Akiwa hatarajiwi kuweza kulipa, atatoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku.

Limebakia la fedha. Mchango wa upasuaji tunaujua: msikiti utatangaza, makundi ya simu yatajaa, na pesa zitapatikana. Baada ya miezi 6 kila mtu amesahau, na dawa ni za kila siku maadamu figo ile inafanya kazi. Akizikosa, hata kwa siku chache, mwili unaweza kuikataa, na yote aliyoyatoa binti yakapotea. Hapa ndipo penye wajibu ambao kaka walikuwa wakiutafuta. Kiungo cha mwili hakiwapasi watoto, ila matunzo ya mama asiye na uwezo yanawapasa wote kwa kadiri ya uwezo wao, na dawa zake ni katika matunzo hayo. Andikeni majina, kila mmoja na kiasi chake kwa mwezi, kabla ya siku ya upasuaji kupangwa. Na yule wa ughaibuni apelekewe ujumbe kwamba figo yake hakuna anayeidai, hivyo hana sababu ya kutoshika simu. Anachongojewa ni fungu lake la dawa.

Wallahu a'lam.