MTI HAUULIZI NANI MUME, NANI MKE

Ndugu Wafanyakazi,

Kuna neno linalosemwa kila siku katika mashamba ya Meru na Embu, nalo ni hili: "Hiyo si kazi ya mwanamke." Ndugu yake ni hili: "Mwanamume hafanyi hivyo." Maneno haya mawili yanakula mishahara ya watu, na leo tunayajibu.

Tuanze na miraa. Kule Igembe mila inasema mwanamke asipande mti wa miraa wala asiuchume. Kazi hiyo ni ya wanaume na vijana, na pesa ya kuchuma ni yao. Sasa shukeni mpaka Mbeere, katika Embu. Huko kuna muguka, nao ni mmea ule ule mmoja, ila hukatwa ukawa mfupi. Wanawake huuchuma mchana kweupe, wala haujakauka. Ikiwa mmea ni mmoja, basi kosa haliko katika mti. Liko katika vichwa vya watu.

Wengine watasema, "Ni mila ya wazee, msiiguse." Wazee tunawaheshimu. Lakini kumbukeni kahawa. Zamani za ukoloni Mwafrika alikatazwa kuipanda. Walowezi walisema hatujui kuitunza, eti miti yetu italeta magonjwa. Katika miaka ya 1930 Meru, Embu na Kisii ziliruhusiwa kujaribu, na kahawa ikastawi. Aliyesema "hamwezi" hakuwa amepima uwezo wetu. Alikuwa akilinda faida yake. Je, sisi tuliotukanwa vile, tumtukane dada yetu vile vile?

Neno hili huwaumiza wanaume pia. Kijana anayetaka kushona nguo huchekwa. Baba anayewapikia watoto githeri mama akiwa kazini huitwa majina. Mfanyakazi aliyeumia hunyamaza, kwa sababu mwanamume halii. Na mwajiri hufurahi, maana asiyelia hadai fidia.

Mwaka 2022 watu wa Embu walimchagua Cecily Mbarire kuwa gavana, na wa Meru wakamchagua Kawira Mwangaza. Mwangaza aliondolewa na Seneti mwezi wa Agosti 2024. Anayesema alishindwa kwa kuwa ni mwanamke na atujibu: Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi, walioondolewa mwaka 2020, walishindwa kwa kuwa ni nini? Kila mtu ahukumiwe kwa kazi yake.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza mwajiri kubagua kwa ajili ya jinsia, na inaamuru malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa. Lakini sheria haina miguu. Sisi ndio miguu yake.

Kwa hiyo, katika mkutano wa tawi, mwanamke akisimama kusema, asikatizwe. Akiweza kazi, apewe, na alipwe sawa na mwenzake. Akifaa kuwa mwakilishi, achaguliwe. Na mwanamume aliyembeba mtoto mgongoni asichekwe langoni. Chama kinachonyamazisha nusu ya wanachama wake kinakwenda kwa mwajiri na nusu ya sauti.

UMOJA NI NGUVU!