Mkaratusi si Kuni Tu

Wako mafundi katika Ukambani ambao, wakitajiwa mkaratusi, hucheka. Husema ya kuwa mti huo una kazi mbili tu, kuni na nguzo, na ya kuwa mtu autiaye katika kerezo ili afanye bakuli au mguu wa kiti anapoteza siku yake, kwani chombo kitapasuka kabla hakijafika sokoni. Neno hili husemwa kwa uthabiti mkubwa, hata vijana wetu wa Matinyani wamelipokea kama sheria. Nakusudia kulipinga, kwa kuwa gharama yake hailipwi na wale walisemao. Hulipwa na mpingo na muhugu.

Sifa ya Wakamba katika uchongaji imeenea duniani, lakini si ya kale sana. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga mpingo kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, akarudi kwao, na jirani zake wakajifunza kwake. Ufundi ule ukawa riziki ya maelfu. Lakini ufundi uliozaliwa na mpingo uliula mpingo. Ulipoadimika, watu wakauendea muhugu wa misitu ya Pwani na mzeituni wa mwituni, nayo ikashika njia ile ile. Mpingo huhesabiwa kuwa wataka miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kukatwa. Mkaratusi uliopata mahali pafaapo hutoa gogo la bakuli katika miaka 10 au 15. Auchaguaye wa kwanza kwa kuudharau wa pili amefungua ghala akala mbegu. Wachongaji wengi wa Mombasa na Malindi waliligundua jambo hili tangu miaka ya 1990, wakaanza kutumia mwarobaini na mwembe, na biashara yao haikufa. Mbona sisi tuna kiburi?

Sikatai ya kuwa mkaratusi hupasuka. Hupasuka kwa sababu iliyo wazi. Mti ungali umesimama, sehemu yake ya nje huwa imevutwa na ile ya ndani imebanwa, mfano wa kamba ya upinde na upinde wenyewe. Msumeno ukiukata, mvuto ule hufunguka, na ncha ya gogo hutoa nyufa zenye umbo la nyota. Kisha huja jua la Kitui. Maji hutoka upesi penye ncha, na polepole penye ubavu. Tena ubao husinyaa zaidi kwa kuufuata mviringo wa mti kuliko kwa kuelekea moyoni. Fundi aliyeliacha gogo uwanjani tangu Januari, akalitia katika kerezo mwezi wa Machi, hakuuthibitisha ubovu wa mti.

Udongo uwahi ungali maji, na mti huu ni vivyo hivyo. Gogo na lipasuliwe katikati siku ile ile lilipokatwa, moyo wake utolewe na kutupwa, na ncha zipakwe nta au rangi nzito. Bakuli likerezwe mara ya kwanza likiwa bichi, liachwe na ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana wake. Yaani bakuli la sentimita 30 liwe na ukuta wa sentimita 3. Lifukiwe katika maranda yake lenyewe, ndani ya gunia, kivulini, kwa miezi kadhaa. Litapinda hata liwe kama yai. Na lipinde, unene ule uliachwa kwa ajili hiyo. Likikoma kupungua uzito, lirudishwe katika kerezo lifanywe duara tena. Mengine yatapasuka hata hivyo, nami sitamficha mwanafunzi. Atakaye kazi ya siku chache na akereze vitu vyembamba visivyo na moyo wa mti: mpini wa patasi, mchi mdogo, kifimbo cha kusukumia chapati.

Kama mti huu haufai, na tuwaulize wenyewe. Jamii moja ya mikaratusi ya Australia, iitwayo jarrah, ilisafirishwa hata Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, ikakatwa vipande, ikatandazwa katika barabara za London ili kukanyagwa na farasi na magari. Afrika ya Kusini watu huketi juu ya viti vya mkaratusi na kulia chakula juu ya meza zake. Huku kwetu tunaupuliza moto chini ya sufuria.

Lipo shtaka la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza: mkaratusi hunywa maji. Hili ni kweli. Uliletwa Kenya mwaka wa 1902 ili uwe kuni za gari moshi, na wakati ule hakuna aliyeuliza habari za chemchemi. Mwaka wa 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na penye majimaji, wala hakukosea. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote wa Matinyani apande mkaratusi katika bonde lake. Sisi ambao mavuno yetu huitegemea mvua ya Oktoba hadi Desemba hatuna maji ya kugawa. Atakaye kupanda na apande mukau, mti wa nchi hii kavu, ambao mchwa huushindwa na mbao zake ni nzuri kwa samani. Nasema juu ya mikaratusi iliyokwisha simama, mipakani mwa mashamba na nyuma ya shule, na ile ipakiwayo katika malori kutoka nyanda za juu.

Na wale wasemao ya kuwa mnunuzi hutaka mti mweusi, hao ndio wapakao rangi ya viatu juu ya mti mweupe na kuuita mpingo. Biashara ya namna hiyo haistahili kutufundisha thamani ya kitu. Mkaratusi una wekundu wake, na ukisuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta hauhitaji jina la mti mwingine.

Basi siku shule ikatapo mkaratusi wake, kwanza aitwe mkerezaji, kisha aitwe mpishi. Vipande vitakavyobaki vitatosha kuchemshia maharagwe.